Sarafu mpya za kidijitali zinatibu maradhi gani?

Tabibu mwaminifu haandiki dawa kabla ya kumuuliza mgonjwa anaumwa nini. Swali hilo dogo ndilo aliloliuliza mtaalamu wa uchumi Christopher Waller tarehe 5 Agosti 2021, ilhali hajatimiza mwaka tangu ashike nafasi ya ugavana katika Benki Kuu ya Marekani. Wakati ule benki kuu nyingi duniani zilikuwa zikikimbizana kuandaa sarafu za kidijitali za serikali, na aliyesita alionekana mtu wa zamani. Waller, aliyekuwa profesa wa uchumi kabla ya kuingia katika kazi ya benki kuu, aliuliza: ni upungufu upi uliomo katika njia za malipo tulizo nazo ambao hauwezi kuondolewa ila kwa chombo hiki? Alizipitia hoja za wanaokitaka, moja baada ya nyingine, asione hata moja iliyomtosheleza. Januari 2022 kamati ya uchumi ya Baraza la Malodi la Uingereza iliuliza vivyo hivyo kuhusu pauni ya kidijitali, nayo ikasema haijashawishika.

Ndugu msomaji, usistaajabu kuuona ukurasa huu ukiingia katika mambo ya benki kuu. Fedha ni katika mambo ambayo mafakihi wetu waliyaandikia milango mizima: mlango wa sarfu, yaani kubadilishana fedha kwa fedha, mlango wa mkopo, mlango wa amana. Hawakufanya hivyo kwa kupenda mali. Walijua kwamba sarafu ikiharibika, wa kwanza kudhulumika ni yule asiye na kingine cha kushika ila hiyo sarafu. Tajiri ana nyumba na shamba. Mama muuza vitumbua ana kilichomo katika kibweta chake.

Yatupasa kwanza tuvijue vitu vyenyewe, maana vinachanganywa sana. Noti ya shilingi elfu kumi iliyomo mfukoni mwako ni ahadi ya Benki Kuu. Shilingi elfu kumi zilizomo katika simu yako si ahadi ya Benki Kuu; ni ahadi ya kampuni, ambayo nayo imeweka fedha hizo katika benki za biashara. Kwa macho ni kitu kimoja, kwa sheria ni vitu viwili. Sarafu ya kidijitali ya benki kuu inakusudiwa kuwa noti isiyo na karatasi: uwe nayo katika simu, na mdaiwa wako awe Benki Kuu yenyewe. Sarafu nyingine, zile ziitwazo sarafu thabiti, hutolewa na makampuni binafsi. Kampuni inapokea dola yako, inakupa alama ya kidijitali, na inaahidi kwamba siku utakapoirudisha alama hiyo utapewa dola yako kamili. Kubwa kati ya hizo ni USDT ya kampuni ya Tether na USDC ya kampuni ya Circle. Kufikia mwishoni mwa mwaka 2025 thamani ya sarafu za namna hii ilikuwa imepita dola bilioni 300, na karibu zote zimefungamanishwa na dola ya Marekani.

La kushangaza ni jinsi wataalamu walivyogawana shaka. Waller aliyeikataa sarafu ya serikali amekuwa akizikaribisha sarafu za makampuni, kwa hoja kwamba zitaleta ushindani katika malipo, maadam zina sheria. Kwa upande wa pili, Benki ya Malipo ya Kimataifa iliyoko Basel, ambayo ndiyo benki ya benki kuu, ilitoa ripoti yake Juni 2025 ikisema kwamba sarafu thabiti zimeshindwa mitihani ya fedha ya kweli, ilhali benki hiyo hiyo imekuwa mhimizaji wa sarafu za kidijitali za benki kuu. Kila mmoja anaitilia shaka nusu ya jambo na kuiacha nusu ya pili ipite. Sisi tunaona swali la tabibu linawahusu wote wawili, na kwamba wenye shaka wa pande zote mbili wamesema kweli katika kile walichokikataa.

Tuanze na sarafu ya serikali. Historia ya Waislamu inacho kisa ambacho wanaopanga mambo haya wangefaidika kukisoma. Mwaka 1294 Uajemi ilikuwa chini ya Gaykhatu, mtawala wa Kimongolia. Hazina ilikuwa imekauka, baadhi kwa maradhi yaliyoua mifugo na baadhi kwa israfu za mtawala mwenyewe. Waziri wake, Sadr al-Din Zanjani, alimshauri atoe fedha za karatasi kama zilizokuwa zikitumika China. Karatasi zile, zilizoitwa chao, zilichapishwa kwa maandishi ya Kichina, na juu yake ikaandikwa shahada ya Kiislamu ili watu wazikubali. Ikatangazwa kwamba atakayezikataa atauawa. Basi nini kilitokea Tabriz? Wenye maduka walifunga, vyakula vikatoweka sokoni, watu wakaanza kuuhama mji. Haikupita zaidi ya takriban miezi miwili serikali ikazifuta karatasi zake.

Tazama, kitu chenyewe hakikuwa kibovu. Karatasi ya namna ile ilifanya kazi China. Upanga ulikuwepo, muhuri ulikuwepo, na hata shahada ilitiwa. Kilichokosekana ni haja. Mfanyabiashara wa Tabriz hakuwa na shida ambayo karatasi ile ilimtatulia; mwenye shida alikuwa mtawala.

Sasa tuje karibu na zama zetu. Tarehe 25 Oktoba 2021 Nigeria ilizindua eNaira, sarafu ya kidijitali ya kwanza ya benki kuu katika Afrika. Uzinduzi ulifanywa kwa shangwe, rais akiwepo. Mwaka mmoja baadaye wataalamu wa Shirika la Fedha la Kimataifa waliichunguza, na katika utafiti uliotolewa mwaka 2023 wakakuta kwamba katika wiki yoyote ile, asilimia 98.5 ya pochi za eNaira zilikaa bila kutumika hata mara moja. Serikali ilijaribu vivutio, ikiwa ni pamoja na punguzo la asilimia 5 kwa abiria wa bajaji watakaolipa kwa eNaira. Watu hawakuja. Kisha, mwanzoni mwa mwaka 2023, ukatokea mtihani ambao hata mwenye kuitakia eNaira kila la heri asingeweza kuubuni: Benki Kuu ya Nigeria ilibadilisha noti zake na kukusanya za zamani kabla za mpya hazijatosha. Nchi nzima ikakosa fedha taslimu. Watu walilala kwenye foleni za benki, biashara ndogo zikasimama. Pochi za eNaira ziliongezeka kweli wakati huo, lakini wengi walikimbilia kutumiana fedha kupitia akaunti za benki na programu za makampuni walizokwisha kuzizoea. Tarehe 3 Machi 2023 Mahakama ya Juu iliamuru noti za zamani ziendelee kutumika. Ikiwa hata ukame wa noti haukumfanya mtu ayanywe maji ya kisima hiki, basi ni haki kuuliza kisima kilichimbiwa nani.

Nigeria haiko peke yake. Ecuador, ambayo tangu mwaka 2000 inatumia dola ya Marekani, ilianzisha mwaka 2014 fedha za simu zilizoendeshwa na benki kuu yenyewe, na ikazifunga mwaka 2018 kwa sababu wananchi hawakuzitaka. Benki Kuu ya Finland ilitoa kadi ya malipo iitwayo Avant tangu miaka ya 1990 mwanzoni, ikaishia kuiuza kwa benki za biashara, na baadaye ikafa. Bahamas ilianza mwaka 2020, Jamaika mwaka 2022, na matumizi yamebaki haba. Canada, iliyokuwa na wataalamu hodari wa jambo hili, ilitangaza Septemba 2024 kwamba inapunguza kazi hiyo.

Kuna na hatari nyingine ambayo wataalamu wa uchumi wameieleza vizuri, nasi tunaiona ndiyo hoja nzito kuliko zote. Benki ya biashara hukopesha kwa amana za watu. Leo, uvumi ukienea kwamba benki fulani inayumba, mwenye amana hana budi kwenda kupanga foleni, na kuhamishia fedha benki nyingine hakumtoi katika wasiwasi, kwa kuwa nayo ni benki kama ile. Mpe katika simu yake mlango wa Benki Kuu, ambayo haifilisiki katika sarafu yake yenyewe, na uvumi wa saa nne asubuhi utakuwa umeimaliza benki kabla ya adhuhuri. Wenye kupanga euro ya kidijitali wanalijua hili, na kwa sababu hiyo wamekusudia kuweka kikomo cha kiasi ambacho mtu ataruhusiwa kuwa nacho. Euro 3,000 ni kiasi kilichotajwa sana katika mijadala. Hebu fikiri: mtu anatengeneza fedha, kisha anaogopa watu wasije wakaipenda! Kikomo kikiwa kidogo, chombo hakina faida. Kikiwa kikubwa, kinazikausha benki na mikopo ya wafanyabiashara pamoja nazo.

Ama kuhusu siri za watu, hatutarefusha. Dini yetu imekataza kupelelezana. Noti haimwambii yeyote kwamba umenunua dawa gani au umemsaidia nani kwa siri. Daftari la serikali litakalokuwa na kila malipo ya kila mwananchi linaweza kulindwa leo na gavana mwema, lakini ahadi ya gavana wa leo haimfungi atakayekuja baada yake.

Hapo mwenye kuuza sarafu thabiti hujitokeza akitabasamu: ikiwa ya serikali haifai, basi chukueni ya soko. Naye tumsikilize, lakini kwa kumbukumbu.

Mwaka 1837 jimbo la Michigan nchini Marekani lilipitisha sheria iliyomruhusu karibu kila mwenye kutimiza masharti fulani kufungua benki na kuchapisha noti zake mwenyewe. Benki zaidi ya 40 zilizuka. Kila noti iliahidi kwamba mwenye kuirudisha atapewa sarafu za madini. Wakaguzi wa jimbo walipozunguka kuhakiki akiba, walikuta masanduku yaliyojaa misumari, na juu yake kutandazwa tabaka jembamba la sarafu. Walikuta pia kwamba sarafu zile zile walizozihesabu katika benki moja zilikuwa zikibebwa usiku na kutangulia katika benki iliyofuata, ili zihesabiwe tena. Baada ya miaka miwili karibu benki zote hizo zilikuwa zimekwisha kufa, na noti zao zimebaki mikononi mwa wakulima. Katika majimbo mengine mambo hayakuwa mabaya kiasi hicho, lakini noti ya benki ya mbali ilipokelewa kwa pungufu, na wafanyabiashara walinunua magazeti maalumu ya kuwaambia noti ya benki gani inathamani ya senti ngapi wiki hiyo. Hali hiyo iliendelea mpaka sheria ya benki za taifa ya mwaka 1863 na kodi iliyofuata dhidi ya noti za benki za majimbo.

Mtaalamu wa uchumi Gary Gorton wa Chuo Kikuu cha Yale, pamoja na Jeffery Zhang, waliandika mwaka 2021 kwamba sarafu thabiti ni noti zile zile zimerudi. Hoja ya Gorton ni nyepesi na nzito kwa pamoja: fedha iliyo fedha hupokelewa bila maswali. Muuzaji hana haja ya kuchunguza. Siku anapoanza kuuliza nyuma yake kuna nini, imekwisha kuacha kuwa fedha.

Na watu wameuliza. Mwaka 2021 tume ya Marekani inayosimamia masoko ya bidhaa za baadaye iliitoza Tether faini ya dola milioni 41, baada ya kukuta kwamba katika kipindi cha miezi 26 kilichochunguzwa, kati ya mwaka 2016 na 2018, akiba ya kampuni hiyo ilikuwa kamili kwa asilimia 27.6 tu ya siku, ilhali wateja walikuwa wakiambiwa kwamba kila alama ina dola yake. Mei 2022 ikaanguka TerraUSD, ambayo haikuwa hata na akiba ya dola. Ilitegemea hesabu za kompyuta na sarafu pacha iitwayo Luna. Waliovutwa waliahidiwa faida ya karibu asilimia 20 kwa mwaka. Kwa siku chache tu takriban dola bilioni 40 za thamani zilitoweka. Mwasisi wake, Do Kwon, alikiri makosa ya udanganyifu mbele ya mahakama ya New York Agosti 2025. Watu wa kwetu wanaojua upatu hawahitaji kuelezwa zaidi.

Lakini tusijifariji kwamba walioanguka ni wahuni tu. Kisa chenye mazingatio makubwa ni cha kampuni iliyofuata taratibu. Ijumaa tarehe 10 Machi 2023 benki ya Silicon Valley ya California ilifungwa na wasimamizi. Usiku huo Circle ilitangaza kwamba katika akiba ya USDC, iliyokuwa kama dola bilioni 40, bilioni 3.3 zilikuwa ndani ya benki hiyo. Jumamosi sarafu iliyoitwa thabiti iliuzwa kwa chini ya senti 88. Waliokuwa na haraka walipata hasara, na waliokuwa na subira waliokolewa Jumapili, serikali ya Marekani ilipotangaza kwamba wenye amana wote wa benki ile watalipwa. Jumatatu sarafu ilirudi mahali pake. Nani basi aliyeithibitisha sarafu thabiti? Si kampuni, wala si soko, bali ni serikali, ile ile ambayo wapenzi wa sarafu hizi husema hawaihitaji.

Hapa fiqhi yetu ina neno la kusema, na tunadhani linaondoa ukungu mwingi. Wanazuoni walitenganisha amana na deni. Ukimwekea mtu kitu chako amana, kinabaki chako. Hana ruhusa ya kukitumia, na kikipotea bila uzembe wake hadaiwi. Akikitumia kwa idhini yako, kimekuwa mkopo. Sasa ni chake, na yeye ni mdaiwa wako kwa hali yoyote. Hukumu hizi mbili hazikai pamoja. Mwenye kununua sarafu thabiti anaamini ameweka amana. Kampuni inaitumia fedha hiyo kana kwamba imekopeshwa: inanunulia dhamana za serikali ya Marekani na kuchukua riba yake. Mwaka 2024 Tether ilitangaza faida ya zaidi ya dola bilioni 13. Mwenye sarafu hapati kitu katika hiyo. Sheria ya Marekani iliyotiwa saini tarehe 18 Julai 2025 imeleta mema kadhaa: imeamuru akiba kamili ya fedha taslimu na dhamana za muda mfupi, na imewatanguliza wenye sarafu kampuni inapofilisika. Lakini pia imeikataza kampuni kuwalipa wenye sarafu riba. Muislamu asiharakishe kufurahi kwa katazo hilo. Riba haikuondolewa, imeondolewa kwa mwenye fedha na kuachwa kwa aliyeishika. Watunga sheria walikuwa wakizichunga benki zisinyang'anywe wateja, hawakuwa wakitafuta uhalali.

Sasa, haya yanatuhusu nini sisi wa pwani na bara ya Afrika Mashariki? Yanatuhusu zaidi kuliko tunavyodhani, kwa sababu sisi tumekwisha kulifanya jaribio ambalo wengine wanalijadili. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na Tanzania mwaka 2008. Ukitazama kwa jicho la mtaalamu wa uchumi, ni sarafu thabiti ya shilingi: kampuni inapokea shilingi yako, inakupa alama katika simu, na wakala wa mtaani anakurudishia shilingi yako. Kwa nini haikuanguka kama nyingine? Kwa sababu kampuni hairuhusiwi kuigusa. Kwa Tanzania, sheria ya mifumo ya malipo ya mwaka 2015 na kanuni zake imeilazimu fedha hiyo ikae katika akaunti ya udhamini kwenye benki, mbali na mali ya kampuni yenyewe. Hiyo iko karibu zaidi na amana ya mafakihi kuliko chochote kilichobuniwa California. Hata faida inayopatikana katika akaunti hizo, watumiaji wa Tigo Pesa, kama ilivyoitwa wakati huo, walianza kugawiwa mwaka 2014. Hukumu ya Muislamu kupokea gawio hilo ni mada inayojitegemea, wala hatuifungui leo. Tunachokisema ni kwamba fedha ya mtu ilitambuliwa kuwa ni ya mtu.

Benki Kuu ya Kenya ililifanyia jambo hili kazi ya kiungwana. Februari 2022 ilitoa waraka wa kuwauliza wananchi maoni kuhusu shilingi ya kidijitali, na mwaka 2023 ikatangaza kwamba haioni kuwa ni kipaumbele cha lazima kwa muda mfupi na wa kati, kwa kuwa matatizo ya malipo ya Wakenya yanaweza kutatuliwa kwa vyombo vilivyopo. Benki Kuu ya Tanzania nayo ilieleza Januari 2023 kwamba inakwenda kwa tahadhari na kwa hatua. Wapo waliowaona wakubwa hawa kuwa ni wazito. Sisi tunawapongeza. Ugonjwa tulio nao tunaujua: makato ya miamala. Tozo za serikali zilipowekwa juu ya miamala ya simu Julai 2021, watu wengi walirudi kwenye noti, kelele zikawa kubwa, na serikali ikalazimika kuzipunguza mwaka huo huo. Hapo palihitajika kalamu ya bajeti tu. Sarafu mpya isingemwondolea muuza vitumbua hata senti moja ya tozo ile.

Wenye kutetea sarafu za dola wana hoja moja ambayo hatuwezi kuipuuza bila ya kudhulumu. Ndugu zetu walioko Maskati, Dubai au Minneapolis hutuma fedha nyumbani, na kwa hesabu za Benki ya Dunia kutuma dola 200 kuja Afrika kusini mwa Sahara hugharimu takriban asilimia 8. Hiyo ni dhuluma ya wazi juu ya jasho la mtu. Sarafu thabiti huvuka bahari kwa dakika chache na kwa gharama ndogo. Na Mnigeria aliyeiona naira yake ikiyeyuka alishika USDT kwa sababu ile ile iliyomfanya babu yake kushika dhahabu, hatumlaumu. Hata hivyo, gharama kubwa haiko baharini, iko kwenye ncha mbili: kugeuza riyali kuwa sarafu kule, na kugeuza sarafu kuwa shilingi huku. Mama mkwe hanunui unga kwa USDT. Gharama ya ncha hizo huondolewa kwa ushindani wa mawakala na kwa mikataba baina ya benki kuu, na hayo yote yanawezekana pasipo kuigeuza nchi kuwa mteja wa dola.

Maana hilo ndilo linalotutia hofu zaidi. Machi 2025 Tanzania ilitoa kanuni za kukataza bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni, ili shilingi iheshimiwe katika nchi yake. Wakati huo huo dola inaingia kwa dirisha la simu bila ya kupita forodhani. Mwanahistoria al-Maqrizi, aliyepata kuwa muhtasibu wa Cairo, aliandika mwanzoni mwa karne ya 15 kitabu kizima kuhusu njaa na ughali wa Misri, akahesabu miongoni mwa sababu zake kuenea kwa sarafu duni za shaba zilizoziondoa sokoni dhahabu na fedha. Hofu yake ilikuwa sarafu mbaya kuifukuza njema. Yetu ni kinyume chake kidogo: sarafu ya mwingine, iliyo imara kuliko yetu, kuifukuza ya kwetu, na Benki Kuu kubaki na usukani usioshika gurudumu. Hapo riba ya amana zetu itakuwa inaikopesha hazina ya Washington, nasi tutakuwa tunakwenda kuomba mkopo huko huko.

Kenya imepitisha sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali Oktoba 2025, na hapana shaka na sisi tutafuatia. Kwa hiyo tunayasema haya mapema. Kampuni yoyote itakayotaka kuwauzia wananchi sarafu thabiti ilazimishwe kutamka kwa maandishi kama inachopokea ni amana au ni deni, na sheria imhukumu kwa alichotamka. Akiba iwe katika akaunti ya udhamini ndani ya nchi, kama tulivyoyalazimisha makampuni ya simu, na mwenye sarafu awe na haki ya kudai shilingi zake siku ile ile anapozitaka. Matangazo ya faida ya asilimia 20 yapelekwe mahakamani kabla ya kupelekwa redioni. Noti na sarafu za mkononi zisiondolewe wala zisitozwe kwa hila, kwani ndizo fedha pekee zinazofanya kazi umeme ukikatika na mtandao ukilala.

Na Benki Kuu yetu, siku itakapofikia uamuzi wake juu ya shilingi ya kidijitali, iwe imekubali au imekataa, itangaze sababu zake hadharani kama walivyofanya jirani zetu, na izitangaze kwa Kiswahili, ili muuza vitumbua naye apate kuzisoma na kuuliza.